Mchi Uvunguni

Verediana alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu duniani, na alimficha kwa miezi tisa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake pale Buzebazeba. Tuambiane ukweli mapema: alimficha vizuri mno. Askari hawakumpata, lori halikumchukua, na mpaka siku ya kuzikwa kwake hakuna aliyemdai karatasi.

Ndugu huyo aliitwa Nizigama. Alikuwa kitinda mimba wa kwao, yule ambaye Verediana alimbeba mgongoni alipokuwa msichana wa miaka kumi huko ng'ambo ya mpaka, kwenye vilima vya juu ya Rumonge. Baadaye Verediana aliolewa na Jeremia, Muha wa Ujiji, akavuka mpaka kama mke wa mtu na si kama mkimbizi. Jeremia alishakufa. Binti yao pekee, Leonia, aliolewa Uvinza, na mtaani mama yake alibaki kuitwa Mama Leonia. Kwa hiyo Nizigama alipotokea mlangoni mwezi wa tatu mwaka tisini na saba, mifupa mitupu na nyayo zimepasuka, dada yake hakumuuliza kitu. Alimpikia uji, akamchemshia maji ya kuoga.

Habari alizipata baadaye, kidogo kidogo. Watu wa kilima chao walikuwa wameambiwa wapande lori wapelekwe mahali penye usalama. Mke wa Nizigama alipanda na binti zake wawili. Nizigama alibaki nyuma kidogo kuwafunga mbuzi, akisema atawafuata kwa miguu. Lori halikufika mbali. Alipolikuta njiani hapakuwa na mtu aliye hai wa kumfuata tena, basi akageukia ziwani.

Miezi ile ya kwanza alikuwa mchukuzi kule Kibirizi, zinakotia nanga boti za mizigo. Alfajiri alikwenda kwa miguu, akashinda akishusha magunia ya dagaa na madumu ya mawese, mgongo umeinama na maji yamefika mapajani, na jioni akarudi kwa miguu vilevile. Alikula sahani mbili za ugali wa muhogo, akalala usingizi mzito. Hakuumwa hata mafua. Verediana alikuwa akimtazama anavyokula na kusema moyoni kwamba Mungu amemrudishia kitu kimoja kati ya vyote alivyochukua.

Mwezi wa kumi na moja ukaja msako. Tangazo lilipita kwamba kila mkimbizi aliyekuwa akiishi nje ya kambi apelekwe kambini kwa lori, na malori ya jeshi yakaonekana Mwanga, yakaonekana Bangwe, kisha yakaonekana Ujiji. Wengi walipanda. Walilia kwa ajili ya mashamba na biashara walizoziacha, lakini walipanda, maana kambi ni kambi na watu wanaishi. Nizigama alisikia neno moja tu katika tangazo lote.

"Lori sipandi, mushiki wanje," alimwambia, akimwita dada yangu kwa lugha ya kwao. "Waniue hapahapa kama ni kuniua."

Verediana hakumbishia. Siku ileile alihamisha magunia yake ya dagaa kutoka chumba cha nyuma, akatandika godoro, akaziba dirisha kwa mkeka. Akamwekea sheria zake. Asikohoe kwa nguvu. Asitoke uani mchana, kwa sababu ua ulikuwa wa matete na matete yana macho. Chooni aende kabla watu hawajaamka. Na jambo kubwa kuliko yote, atulie. Mtu aliyetulia hasikiki, na asiyesikika hayupo.

Nizigama akatulia. Alikaa juu ya godoro, mgongo ukutani, toka asubuhi mpaka jioni, na dada yake akamlisha. Hapo ndipo mapenzi ya Verediana yalipopata pa kutokea. Samaki wa migebuka wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese, dagaa wa chumvi wa kuuza aliowapunguza kwenye gunia, ugali asubuhi na ugali jioni, kwa kipimo kilekile cha mtu aliyeshinda akibeba mizigo. Mashavu ya Nizigama yakajaa, shingo ikajaa, tumbo likaanza kukaa mapajani. Verediana alifurahi, na nani angemlaumu? Kwao mtu aliyetoka vitani akinenepa ndiyo dalili kwamba vita vimekwisha. Alikuwa akimpapasa bega na kusema, "Sasa unafanana na baba."

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata kichwa kikaanza kuuma. Kilimshika kisogoni kila asubuhi, macho yakawa yanaona nyota, na akitoka chooni tu anahema. Verediana alivumilia wiki mbili, kisha akajitoa mhanga akamwita Bi Mwanvua. Huyu alikuwa jirani wa ua wa kushoto, nesi mstaafu wa maneno machache, Mwislamu wa Ujiji tangu babu zake, na aliondoka kazini na kipimo cha presha ambacho hakumwazima mtu. Verediana alimwapisha kabla ya kumfungulia mlango wa nyuma. Bi Mwanvua aliapa bila kuuliza anaapia nini.

Alimfunga Nizigama kipimo mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akarudia tena.

"Mia tisini kwa mia na ishirini," alisema. "Una umri gani, baba?"

"Arobaini na tatu."

"Ulipokuwa Kibirizi kichwa kiliwahi kukuuma?"

"Hata siku moja."

Bi Mwanvua akamgeukia Verediana. "Huyu amelima na kubeba tangu utoto. Moyo wake umezoea kazi. Wewe umemkalisha miezi mitatu, unampa chakula cha mchukuzi na chumvi ya mchukuzi, na habebi hata ndoo. Unadhani kinakwenda wapi?"

"Nilitaka apone," alisema Verediana.

"Najua. Presha haina makelele, Mama Leonia. Haibishi hodi. Nimefanya kazi miaka thelathini, na waliokuwa wakiletwa mdomo umekwenda upande walikuwa wengi wao watu wa kukaa, wa dukani na wa ofisini. Wachukuzi nao wanakufa, sikatai, lakini wengi wao hawafi kwa hili wakiwa na miaka arobaini na tatu. Vidonge ninavyo vichache, nitamletea. Vitakwisha, na hospitali unaogopa kumpeleka. Basi apunguziwe chumvi, na atoke jasho kila siku. Nusu saa, na akiweza zaidi azidishe."

"Atokee wapi hilo jasho? Barabarani?"

Bi Mwanvua alitazama huku na huku mpaka macho yake yakatua kwenye kibanda cha jiko, kilichopakana na chumba kile kwa mlango wa ndani. Kinu kilikuwa pale, na mchi umesimama ndani yake, mrefu, wa mti mgumu aliouchonga marehemu Jeremia.

Nizigama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msako uanze. "Mwanamume atwange?"

"Kwani afadhali mwanamume afe?" aliuliza Bi Mwanvua.

Sasa hapa asiyejua mitaa ile aelezwe. Kila nyumba pale Buzebazeba ilikuwa na kinu chake, na kila kinu kilikuwa na mlio wake. Mwanamke aliyekaa mtaani mwaka mmoja angeweza kulala kitandani macho amefumba na kukutajia ni nani anatwanga, kama amenuna, na kama ana mimba. Mkono wa mwanaume kwenye kinu ungesikika mpaka msikitini. Verediana alilijua hilo, ndiyo sababu alikataa siku mbili nzima. Siku ya tatu Nizigama alitapika kwa maumivu ya kichwa, na dada yake akakubali, kwa sharti. Atatwanga asubuhi tu, saa ile vinu vyote vinapolia, na yeye Verediana atasimama mlangoni mwa jiko akiimba, ili watu wajue kwamba anatwanga mwenye nyumba.

Ndivyo walivyofanya. Nizigama alivua shati, akaushika mchi, na makopa ya muhogo yakageuka unga. Siku za kwanza alihema vibaya, akapumzika kila baada ya mapigo kumi. Wiki ya pili alikuwa akitwanga nusu saa bila kuketi, na jasho likimtiririka mpaka kiunoni. Verediana aliimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, macho yakiwa barabarani. Unga ulizidi mahitaji, akawa anaugawa. Wiki ya tatu Bi Mwanvua akafunga kipimo chake akasoma mia na sitini kwa mia, akakirudisha kwenye mfuko akitabasamu. Kichwa kilikuwa kimeacha. Nizigama alilala usiku kucha, na siku moja alimtania dada yake kwamba sauti yake imechakaa, atafute wa kumpokea.

"Nikitwanga," alimwambia jioni moja, "lile lori silioni."

Yangeendelea hivyo. Ila mwili ukishaonja kazi haukubali kungoja, na Nizigama akaanza kuiba. Verediana akienda sokoni Ujiji na dagaa wake, yeye huku nyuma anaingia jikoni kutwanga tena.

Jumanne moja dagaa waliisha mapema na Verediana akarudi kabla ya saa nne. Alipokunja kona ya mtaa wake alikisikia kinu. Alikwenda hatua tatu ndipo akatambua kwamba ni kinu chake. Tu. Tu. Tu. Pigo zito, la mtu mwenye mabega, na yeye mwenye nyumba yuko barabarani, beseni kichwani, watu wote wanamwona.

Mbele ya nyumba iliyotazamana na yake alikaa Happiness, mama kijana aliyekaanga vitumbua vya kuuza. Happiness alimtazama Verediana, akageuza shingo kidogo kuelekea kule mlio ulikotoka, kisha akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

"Pole na soko, Mama Leonia," alisema. "Migebuka ipo leo?"

"Ipo kidogo."

"Ya bei?"

"Ya bei."

Maongezi yakaishia hapo. Verediana alivuka barabara kwa haraka. Yule mwanamke amesikia. Amesikia, na amejifanya hajasikia, na anayejifanya ana lake jambo. Jioni ile lori la jeshi lilisimama karibu na msikiti. Watu liliowachukua walikuwa wa mtaa mwingine kabisa, wala halikuingia Buzebazeba, lakini Verediana hakuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Aliutoa mchi kwenye kinu. Aliuzungushia kitenge kikuukuu, akausukuma uvunguni mwa kitanda chake mpaka ukagota ukutani, akaketi juu ya kitanda.

"Utakaa," alimwambia ndugu yake.

"Mushiki wanje, Bi Mwanvua alisema…"

"Bi Mwanvua hana ndugu wa kuchukuliwa. Utakaa, Nizigama. Nitakubeba tena mgongoni kama itabidi, lakini utakaa."

Angeweza kubishana naye. Alikuwa mwanaume mzima, na mchi ulikuwa pale uvunguni, kuinama tu. Lakini dada huyu alikuwa amemlea, na amri yake ilikuwa imemwingia tangu hajaota meno. Alirudi kwenye godoro lake, akaegemea ukuta. Kuanzia kesho yake Verediana alinunua unga uliosagwa mashineni.

Bi Mwanvua alikuja mwisho wa mwezi, akapima, uso ukamshuka.

"Mrudishie mchi," alisema.

"Nikimrudishia watamchukua."

"Na usipomrudishia?"

Bi Mwanvua alishauri basi apande na kushuka kizingiti cha mlango, mara hamsini asubuhi na hamsini jioni, kazi isiyo na mlio. Nizigama alijaribu siku nne. Verediana kila aliposikia mlango ukilalamika alikuja mbio kutoka uani, kidole mdomoni, na mwisho Nizigama akaacha. Vidonge vikaisha mwezi wa sita. Miguu ikaanza kuvimba. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Verediana, kwa sababu mtu huyu hata utani aliuacha. Alikuwa amekaa tu, ananenepa, anasikiliza vinu vya wenzake asubuhi.

Mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, jua likiwa limeshatoka, Verediana alipeleka uji akamkuta chini, katikati ya godoro na mlango. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia aliokuwa akitwangia ulilala pembeni, na alipouinua ukaanguka. Macho yalimtambua. Alitaka kusema kitu, likatoka povu.

Verediana alikimbilia kwa Bi Mwanvua bila viatu. Bi Mwanvua alikuja akatazama mara moja, akatoka kuelekea nyumba ya Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi, mtu ambaye Verediana alikuwa akimkwepa tangu msako uanze. Verediana alimkamata nesi khanga.

"Si kwa balozi, nakuomba."

"Ana mkokoteni," alisema Bi Mwanvua, akajinasua.

Mwinshehe alifika na mkokoteni na vijana wawili. Aliingia ndani, akapita sebuleni, akapita jikoni, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma bila kuuliza ni wapi. Akapiga magoti.

"Pole, Nizigama," alisema. "Tunakunyanyua sasa. Usiogope, si lori."

Verediana alilisikia jina likitoka kinywani mwa balozi, akalisikia na lile neno la lori, lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alitembea pembeni ya mkokoteni ameushika ule mkono uliokufa. Majirani walitoka milangoni. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Walisema pole, Nizigama, pole, baba, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mtaa. Hospitalini, mapokezi walipouliza mgonjwa anatoka wapi, Mwinshehe alijibu kabla yake.

"Mkazi wa Buzebazeba. Mtu wangu."

Nizigama aliishi siku tatu. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Bi Mwanvua, alipoulizwa na Verediana kama mchi ungemwokoa, alimgeukia. "Siwezi kukuapia," alisema. "Ila presha ilikuwa inashuka, niliiona kwa macho yangu." Hakuwa mtu wa kudanganya, hata siku kama ile.

Walimzika Jumapili, mtaa mzima, waliokwenda kanisani na waliokwenda msikitini. Baada ya maziko Mwinshehe alikaa na Verediana kando ya ukuta wa nyumba.

"Askari walinijia mara mbili," alimwambia. "Niliwaambia mtaa wangu hauna mgeni."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Alipita hapa kila alfajiri kwenda Kibirizi, akitusalimu. Siku moja akaacha kupita, na wewe ukaanza kununua samaki wa watu wawili."

"Kwa nini hukuniambia, balozi?"

"Ningekuambia nini? Ungejua tunajua, ungemhamisha usiku ukampeleka watu wasikomjua. Tukaona tunyamaze wote."

Verediana alikuwa ameogopa ukuta ambao haukuwapo, na ndani ya ukuta huo alimkalisha ndugu yake mpaka akafa. Alilijua hilo palepale, wazi kabisa, na hakulia.

Huko uani wanawake walikuwa wamewasha moto wa chakula cha msiba. Unga wa mashineni ulikuwa umekwisha, na mtu alileta beseni la makopa. Happiness alikisogeza kinu katikati ya uwanja, akainama kukitazama ndani, akafuta utando wa buibui kwa kiganja.

"Mama Leonia," aliita taratibu, "samahani. Mchi uko wapi?"

Verediana alisimama. Happiness alidhani amesita kwa huzuni, akataka kumpoza moyo.

"Tulikuwa tunamsikia, unajua," alisema. "Wewe unaimba polepole kama uko kanisani, na kinu kinakwenda njia yake. Tulikuwa tunacheka huku ndani. Tunasema leo kaka ameamka salama. Siku ile uliporudi mapema niliongeza redio ili wapita njia wasimsikie. Halafu akaacha. Tukaulizana, mbona ameacha?"

Verediana aliingia ndani. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono mpaka begani, akauvuta. Kitenge kilikuwa kimeliwa na panya na mti umejaa vumbi, isipokuwa pale katikati, mkono wa Nizigama ulipoufanya uwe laini. Alitoka nao nje ameubeba mikononi.

Wanawake wakauona ulivyo na vumbi la uvunguni. Kila mmoja wao alikuwa ametwanga maisha yake yote, na hakuna hata mmoja asiyejua kwamba mchi hauwekwi uvunguni. Bi Mwanvua ndiye aliyesogea kuupokea. Aliufuta vumbi kwa pindo la khanga yake, akampa Happiness, na makopa yakatiwa kinuni.